Sura ya Saba: Waya wa Nne

Kila mama mpishi alipobandika sufuria, taa za vyumba vya wageni ziliongezeka mwanga. Alinitajia hilo kwa kupita tu, huku akifuta meza, kwa sababu niliitwa kwa ajili ya jiko na si kwa ajili ya taa. Nyumba yenyewe ilikuwa kando ya barabara inayopanda kutoka Karatu mjini kwenda lango la Lodoare la kuingia Ngorongoro, nyuma yake mashamba ya ngano na mahindi, na jikoni kulikuwa na jiko la induksheni la plati nne ambalo mwenye nyumba alilinunua ili aachane na mkaa.

Asubuhi jiko lilichemsha chai na kukaanga mayai bila taabu. Shida ilianza saa moja jioni, wageni wanaporudi kutoka kreta wakiwa na vumbi mwili mzima. Plati mbili za kushoto zilizima. Za kulia zilipiga mlio, zikaandika herufi E na tarakimu, kisha nazo zikanyamaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni fundi wa tatu, mwanangu. Wa kwanza alibadilisha bodi ya ndani, ikaungua kabla mwezi haujaandama. Wa pili kasema jiko ni feki. Nawe ukishindwa, mimi narudi kwenye kuni."

Sikulifungua jiko. Nilimwuliza ni kitu gani kingine humo ndani hubadilika jiko linapowaka, ndipo akazitaja zile taa. Zilikuwa balbu za njano za kizamani, zile za uzi, ambazo mwenye nyumba alizipenda kwa mwanga wake. Balbu ya uzi haina akili ya kuficha kitu. Ikipata umeme mdogo inafifia, ikipata mwingi inang'aa, na ikipata mwingi zaidi inakufa. Niliposikia kwamba zinang'aa wakati mzigo mkubwa unawashwa, nilijua natafuta waya gani.

Tuanze na namna jiko hili linavyokula umeme, maana hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Jiko la koili la zamani ni waya unaopata moto, basi. Lipatie volti 230 litapika vizuri. Lipatie 190 litatoa kama theluthi mbili ya moto wake, ugali utachelewa, na hakuna atakayejua kwa nini. Jiko la induksheni halivumilii namna hiyo. Umeme wa nguzoni, unaogeuka mara 50 kwa sekunde, unanyooshwa kwanza uwe wa upande mmoja kama wa betri, kisha swichi ndogo za kielektroniki zinaukatakata zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde na kuupitisha kwenye koili ya shaba iliyolala chini ya kioo. Usumaku wa koili hiyo, kwa jinsi unavyobadilikabadilika upesi, unaamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria, na sufuria inapata moto yenyewe. Ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, uliowekewa kioo juu.

Kazi hiyo inasimamiwa na kompyuta ndogo ambayo muda wote inapima volti zinazoingia, joto la swichi, na kama juu ya kioo kuna sufuria ya kweli. Volti zikishuka kidogo, jiko linajaribu kutimiza moto ulioagizwa kwa kuvuta ampea zaidi, na hizo ampea zaidi zinazidi kuzishusha volti kwenye waya dhaifu. Zikivuka mpaka, chini au juu, linajizima na kuandika kosa. Ndiyo maana nawaomba mafundi waichukue herufi E kama ushahidi. Friji, redio na chaja za simu zilikuwa zinateseka kimyakimya kwa miezi. Jiko ndilo la kwanza kusema.

Sasa waya. TANESCO humpa mteja umeme wa njia moja au wa njia tatu. Njia moja ni waya wa moto mmoja, yaani fezi, pamoja na nyutro, na kati yake volti 230. Njia tatu ni fezi tatu zinazogawana nyutro moja: waya nne kwa jumla. Kutoka fezi yoyote kwenda nyutro ni volti 230, lakini kutoka fezi kwenda fezi ni 400. Jiko la plati nne hula wati 7,000 hivi, na kwa njia moja hizo ni zaidi ya ampea 30. Kwa sababu hiyo majiko mengi ya aina hii yameundwa yaweze kugawanywa: plati za kushoto kwenye fezi moja, za kulia kwenye nyingine, zote zikishirikiana nyutro moja. Nyuma ya jiko kuna kiboksi cha kuungia waya chenye vidaraja vidogo vya shaba, na pembeni kuna mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha vikae wapi kwa njia moja na wapi kwa njia mbili. Daraja moja likikaa pasipo pake, au nyutro ikifungwa mahali pa fezi, sehemu ya jiko iliyotengenezewa volti 230 inapokea 400. Mchoro huo usomwe umeme ukiwa umezimwa, kabla ya jambo lingine lolote.

Plati za upande mmoja zikifa pamoja, na za upande wa pili zikaendelea kupika kama kawaida, kosa liko kwenye fezi: breka imeruka, fyuzi imekatika nguzoni, au skrubu imelegea. Hilo ni rahisi na sitalikalia.

Pale Karatu pande zote mbili zilikuwa zinakufa, kila moja kwa namna yake. Kushoto kulizima kana kwamba umeme umekwisha; kulia kuliandika kosa la umeme kuzidi. Nyumba moja, saa ileile, umeme mdogo na umeme mwingi. Hiyo ni alama ya nyutro.

Wakulima wa huku wanalima kwa ng'ombe, kwa hiyo nitatumia nira. Ng'ombe wawili wamefungwa nira moja, na katikati ya nira kuna kamba inayoishika kwenye mti wa jembe. Kamba hiyo ikiwa imara, kila ng'ombe anavuta sehemu yake na nira inabaki imenyooka, hata mmoja akiwa dhaifu kuliko mwenzake. Kamba ikilegea, nira inapinda: upande mmoja unakimbilia mbele, mwingine unarudi nyuma. Nyutro ni hiyo kamba. Ndiyo inayoshikilia kila fezi kwenye volti zake 230. Ikilegea, fezi iliyobeba mzigo mkubwa inashuka, na fezi yenye mzigo mdogo inapanda.

Chukua birika la wati 3,000 kwenye fezi moja na pasi ya wati 1,000 kwenye nyingine, kisha ukate nyutro kabisa. Vyombo hivyo viwili sasa vimefungwa mkia kwa mkia kati ya volti 400. Birika litapata kama 100, na pasi itapata kama 300. Chombo kidogo, kisicho na kosa lolote, ndicho kitakachoungua. Hivyo ndivyo nyumba inavyoweza kupoteza televisheni, friji na chaja kwa usiku mmoja, na asubuhi watu wakasema umeme ulirudi na nguvu.

Testa haitakusaidia hapa, na hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa mafundi wengi hawana kifaa kingine mfukoni. Ile bisibisi yenye kitaa ndani inawaka ikigusa fezi, na inawaka vilevile fezi ikiwa na volti 160 au 270. Haipimi kitu, inasema tu kwamba kuna moto. Ina kazi moja nzuri: kama nyutro imekatika kabisa na kuna chombo kimewashwa, testa itawaka kwenye tundu la fezi na kwenye tundu la nyutro pia, kwa sababu umeme umepita ndani ya chombo na kukosa njia ya kurudi. Ukiona hivyo, usiguse chochote zaidi; zima meinswichi. Lakini nyutro iliyolegea tu, inayoshika na kuachia, testa haiioni. Inatakiwa multimita, tena ya mtu anayejua kuishika.

Mchana, jiko likiwa limezimwa, nilipima kwenye boksi la breka. Fezi ya kwanza kwenda nyutro: 231. Ya pili: 229. Ya tatu: 233. Nyutro kwenda ethi, yaani waya wa ardhini: karibu sufuri. Kwa vipimo hivyo umeme ulikuwa mzuri mno, na hapo ndipo waliotangulia walipoishia. Umeme usiobebeshwa mzigo ni kama daraja lisilopitiwa na gari; huwezi kujua kama mbao zake zimeoza.

Nikasubiri jioni. Saa moja nilimwomba mama abandike sufuria nne zilizojaa maji, na wageni walikuwa tayari wanaoga kwa hita ya umeme. Namba zikabadilika: fezi ya kwanza 212, ya pili 234, ya tatu 245. Nyutro kwenda ethi, ambayo mchana ilikuwa sufuri, ilikuwa 19. Fezi ya kwanza ilibeba plati za kushoto pamoja na hita. Ya pili ilibeba plati za kulia. Ya tatu haikuwa na kitu ila taa za vyumbani. Balbu ziling'aa kwa sababu nira ilikuwa imepindia upande wao. Kisha, kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, kiungo kiliachia. Multimita ilihifadhi namba ya juu kuliko zote, 277 kwenye fezi ya tatu, na jiko likanyamaza.

Volti 19 kati ya nyutro na ethi ni kipimo kinachostahili maelezo. Waya mwembamba au mrefu mno hula volti, lakini huzila sawasawa kwenda na kurudi, nusu kwenye fezi na nusu kwenye nyutro, kwa njia moja. Hasara ikikaa karibu yote upande wa nyutro, hukumu inahama kutoka kwenye urefu wa waya kwenda kwenye kiungo. Nikaweka ncha moja ya multimita kwenye baa ya nyutro na nyingine kwenye waya uleule wa nyutro, sentimita chache kabla haujaingia kwenye skrubu. Hapo panatakiwa pasome sufuri, maana ni waya mmoja. Pakasoma 18. Ampea zilizokuwa zikipita ni kama 30. Zidisha: zaidi ya wati 500, nusu ya pasi ya nguo, zikichemka ndani ya kiungo kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Plastiki ya pembeni ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia.

Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Waya wa alumini kutoka kwenye mita ulikuwa umebanwa moja kwa moja kwenye skrubu ya shaba. Alumini ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba isiyopitisha umeme, na tena ni laini: ukiibana leo, kwa kupata moto na kupoa kila siku inalegea kesho kutwa. Mahali pa namna hii panataka kiatu maalumu cha kuunganishia, upande mmoja alumini na mwingine shaba, na mafuta yake ya kuzuia hewa. Tulizima meinswichi, nikajaribu multimita kwenye soketi ya jirani niliyojua ina umeme, nikapima kwetu nikaona hakuna, nikarudi kuijaribu tena kwa jirani nihakikishe haikufa katikati. Ndipo nikakata kipande kilichoungua, nikasugua waya hadi ukang'aa, nikakifunga kiatu. Jioni iliyofuata, sufuria nne na hita: nyutro kwenda ethi, volti 1.

Kuna marekebisho mengine ambayo nimeyakuta na ambayo lazima niyapige marufuku hapa. Nyutro ikipotea, kuna fundi anayechukua waya wa ethi, ule wa fimbo iliyochimbiwa ardhini, na kuufanya nyutro. Taa zinawaka, anapokea pesa yake, anaondoka. Kiangazi udongo unakauka, fimbo haipitishi tena umeme kama inavyotakiwa, na sasa kila chombo kilichofungwa ethi, kuanzia mwili wa friji hadi bomba la hita, kinabeba moto. Mtoto akifungua friji akiwa pekupeku, yeye ndiye anakuwa fimbo ya ethi. Vilevile usikubali fyuzi au breka ya peke yake kwenye nyutro. Nyutro ikatwe pamoja na fezi zote au isikatwe kabisa. Na kosa likiwa nyuma ya mita, kwenye lakiri, kwenye nguzo au kwenye transfoma, hiyo ni kazi ya TANESCO. Wapelekee vipimo vyako, vya bila mzigo na vya wakati wa mzigo, pamoja na saa ulizopima. Hata wiringi ya ndani, kwa mzigo wa ukubwa huu, ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Ukingo wa kreta ni kama 2,300. Tofauti hiyo inaingia jikoni kwa njia nyingi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi Karatu, na 92 hivi ukingoni, kwa hiyo makande yanachukua muda mrefu kuliko Dar es Salaam na jiko linabaki kwenye mzigo mkubwa kwa saa nyingi, likizipa skrubu zilizolegea nafasi ya kuchemka. Hewa ni nyepesi, feni ya ndani ya jiko inapoza kwa shida zaidi, na vumbi jekundu likiziba matundu yake jiko litajizima kwa joto huku mpishi akilaumu umeme. Ukungu wa asubuhi kule juu unaacha unyevu kwenye bodi.

Na kuna jenereta. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo jenereta iliyoandikwa namba nzuri kiwandani hufika ukingoni ikiwa imepungukiwa na zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano. Ukiwasha plati nne kwa mpigo inainama, mizunguko inashuka chini ya 50, na jiko linakataa. Tiba ni ya mpishi kuliko ya fundi: washa plati moja, subiri mlio wa jenereta utulie, ndipo uwashe ya pili. Inveta za bei nafuu za sola nazo hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na majiko mengi ya induksheni huyakataa.

Najua haya yanaonekana madogo mbele ya mipango mikubwa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mimi nautaka mkakati huo ufanikiwe kwa moyo wangu wote. Misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro ndiyo inayokamata ukungu na mvua na kuzishusha Karatu na hadi kwenye chemchemi zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola. Kila gunia la mkaa linalotoka humo ni maji ya mtu. Lakini nyumba nyingi zilifungwa wiringi kwa ajili ya taa na redio. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba unaofaa soketi ya kawaida, ukiupitisha mita 30 na kuubebesha ampea 16, unakula karibu volti 9 kabla sufuria haijapata kitu. Kwa jiko zima la plati nne unataka waya wa milimita 6, na umbali ukizidi, 10, ukitoka moja kwa moja kwenye breka yake usipitie soketi yoyote, ekstensheni ndiyo usiitaje kabisa. Mwezi Machi 2025 Rais alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda ya kaskazini, sababu mojawapo aliyoitoa ni umeme unaopotea njiani ukisafirishwa kutoka mbali. Hesabu ya gridi na hesabu ya jikoni ni ileile.

Bei nayo ina neno lake. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi hadi uniti 75 kwa mwezi, na kinachozidi ni shilingi 350. Familia inayopika kwa uniti mbili kwa siku inatumia 60 jikoni peke yake. Ikiongeza friji na taa inavuka. Ningependa kuona anayepika kwa umeme akihesabiwa tofauti.

Kabla sijaondoka, mama alibandika sufuria yake kubwa ya makande, ya alumini, na jiko likapepesa taa na kukataa. Uso wake ukabadilika.

"Limeharibika tena, mwanangu?"

Halikuwa limeharibika. Alumini haishiki usumaku, wala chungu cha udongo, na jiko hili halioni sufuria ya namna hiyo. Kwake ni kama kioo kitupu. Nilitoa kwenye mkoba sumaku ninayotembea nayo, niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaigusisha kitako cha sufuria ikadondoka, nikaigusisha kikaango cha chuma ikang'ang'ania. Mama akaichukua mkononi, akazunguka nayo jiko zima akijaribu kila chombo kilichokuwa rafuni, akivitenga mafungu mawili. Ukiacha zile sufuria nne za jana yake, fungu la vinavyofaa lilikuwa na vyombo vitatu.

Aliniuliza kama anaweza kubaki na sumaku ile mpaka siku ya mnada. Nikamwachia.